Chemchemi ya Kulia

Ndugu zetu mliotoka Lokri na Medma, majirani zetu wa upande wa bandarini, wenzetu wa udugu mliovaa kitani nyeupe, na zaidi wewe shemeji yangu Mirto pamoja na binti yako Evante, mimi ni Onaso mwana wa Gorgilo, mdogo wake marehemu, tuliyetoka naye tumbo moja, na kwa kuwa wazee wetu wametutangulia nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu Sosandro kabla hatujamfunika kwa vigae. Kazi hii naipokea kwa heshima, ila mapema kabisa naomba mniwie radhi, kwa sababu nimefika hapa kaburini nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni juu yake yeye aliyelala hapo, maana ameondoka na jibu ambalo ni yeye peke yake aliyekuwa nalo, jibu la kwamba mke wangu Kleareta, tuliyemzika pale nyuma yenu miaka saba iliyopita, alikunywa maji yapi.

Marehemu alizaliwa, na hapo kwenye neno la kwanza tu tayari tumeshagombana, maana jana mzee Agesarko, mkuu wa udugu, alinijia akasema, "Onaso, huwezi kuanzia hapa Hipponio, anzia alipokuwa jogoo," nikamuuliza, "Jogoo gani tena, mzee wangu?" akanijibu kwamba inajulikana wazi kuwa kabla ya maisha haya marehemu alikuwa mfua nguo kule Metaponto, na kabla ya hapo jogoo, na kabla ya jogoo askari, na kwamba Mwenyewe alisema roho isomewe safari zake zote. Mwenyewe, kwa wale msiomjua, ni yule mwalimu wa kwanza wa Kroton ambaye wenzetu hawalitaji jina lake, na tangu nipate akili sijawahi kushinda ubishi wowote mbele ya maneno hayo mawili, Mwenyewe alisema, lakini safari hii nilikataa, nikasema mimi historia ya jogoo sina, nitasoma ya mtu niliyekula naye sahani moja.

Basi alizaliwa hapa Hipponio, siku ya saba ya mwezi wa Karneo, mwaka ambao Zoilo alikuwa mkuu wa mji, akiwa mtoto wa kwanza wa Gorgilo mtia chumvi na mama yetu Filtera, na mimi nikafuata miaka mitatu baadaye. Alikuwa mtoto mzuri wa sura, mpole, mwenye kumbukumbu ya ajabu, aliyeweza kukariri majina ya mababu wa mtaa mzima, ila alikuwa na kasoro moja ambayo wengi wenu mnaijua na mlikuwa mkiificha kwa adabu, nayo ni kwamba hakuijua kulia wala kushoto, ukimwambia geuka kulia anageuka popote pale mguu unapompeleka, na siku ya ngoma ya watoto mbele ya hekalu la Persefone, wenzake wote walipozunguka upande mmoja yeye alizunguka upande mwingine, akamgonga binti wa kuhani, wakaanguka wote wawili pamoja na kikapu cha maua. Mama, aliyekuwa hana mchezo, alimfunga uzi mwekundu wa sufu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akamwambia, "Mwanangu, penye uzi ndiko kulia, pasipo na uzi ndiko kushoto, hata mbuzi angeelewa," na uzi ule, ukichakaa unafungwa mwingine, ulikaa mkononi mwake mpaka uzeeni.

Elimu yake ya mwanzo aliipata hapa hapa mjini kwa mwalimu wa kinubi, na mwaka wa uongozi wa Teleso, akiwa na miaka kumi na sita, baba alimpeleka Kroton kwenye nyumba ya udugu, akitumaini kwamba angejifunza hesabu aje atusaidie biashara ya jodari. Hesabu hakuja nayo. Alikuja na ukimya, kwa sababu sheria ya nyumba ile ilikuwa kwamba mwanafunzi mpya akae miaka mitano bila kusema neno, amsikilize mwalimu aliyekaa nyuma ya pazia, na katika mwaka wa tatu wa ukimya huo baba yetu alifariki, kaka akarudi nyumbani kuzika, na ami zetu walipomzunguka pale uani wakimwuliza, "Wewe ndiye mkubwa, sema, shamba la mizeituni linakwenda kwa nani?" yeye aliwatazama kwa macho ya upendo, akatabasamu, kimya, wakamwuliza tena, kimya, mpaka ami Lakrito akasema, "Huyu kijana amekatwa ulimi huko Kroton au anatudharau?" na mimi, kijana ambaye ndevu hazijanitoka, ndiye niliyesimama kutetea shamba la baba yangu huku mkubwa wangu amekaa kama mgeni mwalikwa.

Alimaliza miaka yake mitano, akahesabiwa kuwa mtu anayestahili kuingia ndani ya pazia na kumwona mwalimu kwa macho, na wiki ile ile aliyokuwa aingie zilitokea zile fujo za Kroton mnazozijua, nyumba ya udugu ikachomwa moto, waliobaki wakatawanyika, wengine Taranto, wengine ng'ambo, naye akarudi kwetu kwa miguu akiwa na kanzu moja iliyoungua pindo. Naomba mlishike hilo, maana ndugu yangu huyu ambaye mji mzima ulimwita mjuzi wa njia ya wafu, yote aliyoyajua aliyasikia kupitia nguo, hakuona hata siku moja mkono wa mwalimu ulielekea wapi.

Kwa upande wa kazi, nilimwajiri kwenye uwanja wangu wa kutia chumvi, na kazi ile ilidumu asubuhi moja. Jodari wa kwanza kushushwa alikuwa mkubwa, mnene, ana kovu juu ya jicho, na kaka yangu alipomwona aliweka kisu chini, akainamisha kichwa, akasema mbele ya vibarua wangu wote, "Shikamoo mjomba," halafu akanigeukia mimi akasema, "Onaso, huyu ni mjomba Filisko, mwangalie kovu," nami nikamwambia, "Kaka, huyu ameshauzwa," akasema, "Utamuuza mjomba?" na vibarua wakacheka mpaka wakakaa chini, na kwa muda mrefu baada ya hapo kila jodari aliyeingia uwanjani kwangu aliamkiwa. Watu husema mimi natia chumvi jodari na kaka yangu alikuwa akitia chumvi maneno, lakini nataka kumtendea haki, hakuwa mwongo, alikuwa anaamini kila alichosema, na hilo ndilo lililokuwa likinichosha zaidi, maana mwongo unaweza kumbana, mtu anayeamini utambana vipi?

Baadaye alipata kazi yake ya kweli, ambayo ndiyo imewaleta wengi wenu hapa leo, kazi ya kukaa na watu wanaokufa na kuwafundisha njia. Kwa faida ya ndugu wa Lokri msiofuata mambo haya, alifundisha kwamba mtu akifa hufika akiwa na kiu kali mahali penye maji mawili, ya kwanza ni chemchemi iliyo kando ya mti wa mberoshi mweupe, nayo ni ya Usahaulifu, roho nyingi hukimbilia hapo kwa pupa, zinakunywa, zinasahau zilikotoka, na zinarudishwa huku duniani kuzaliwa upya, huyu mtoto wa mfalme, huyu punda, na maji ya pili yako mbele kidogo, yanatoka kwenye ziwa la Kumbukumbu, yana walinzi, na mtu akiwajibu walinzi vizuri, akasema yeye ni mtoto wa udongo na nyota na kwamba kiu inamwua, wanampa anywe, anakumbuka yote, anapita kwenda kukaa na wenye heri, na hazaliwi tena kamwe. Ili marehemu asipotee huko, sonara wetu Batilo huchora maneno hayo kwenye bamba jembamba la dhahabu, linakunjwa, linawekwa mkononi, na maneno yenyewe Batilo aliyapata kwa kaka yangu, bamba kwa bamba, kwa miaka yote hii, na kwenye kila bamba kuna neno moja linalobeba safari nzima, yaani chemchemi ile ya kuikimbia iko upande gani.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa na Mirto binti Eukrito, mwezi wa Apelaio, mwaka wa pili wa uongozi wa Nikone, katika nyumba yetu ya zamani, harusi ambayo haikuwa na nyama kwa sababu nyama ina roho, haikuwa na samaki kwa sababu ya mjomba, na haikuwa na maharage kwa sababu Mwenyewe alisema maharage ni mlango wa wafu, wageni tukapewa mikate ya shayiri, asali na tini, na baba yake Mirto, mtu mnene aliyekuja na njaa yake, alisikika akisema, "Hii ni harusi au tumefungwa?" Mirto amemvumilia mtu huyu kwa moyo ambao mimi nisingekuwa nao, na wakajaliwa mtoto mmoja, Evante, ambaye siku aliyozaliwa baba yake alimtazama kwa muda, akatangaza kwamba ni bibi yetu mzaa baba amerudi, akawa anampa kiti chake na kumwamkia kila asubuhi, matokeo yake mtoto alipofika miaka mitano, mama yake akimtuma maji, anajibu, "Unamtuma bibi yako?" Evante, mwanangu, najua unacheka hapo chini ya shela, cheka tu, baba yako angependa.

Sasa nafika mahali ambapo historia ya marehemu inaingia kwenye yangu. Mke wangu Kleareta, ambaye hatukujaliwa naye mtoto ila tulijaliwa kila kitu kingine, alishikwa na homa mwishoni mwa kiangazi, na alipoona haponi aliniambia, "Niitie shemeji, anifundishe," nami nikamwita, akaja na kanzu yake ya kitani, akakaa kando ya kitanda, akamkaririsha, upande wa kulia kuna chemchemi, kando yake mberoshi mweupe, usiisogelee, pita, na Kleareta akawa anarudia kama mtoto wa shule, upande wa kulia, usiisogelee, pita, mpaka na mimi niliyekuwa nikimpepea nikayajua kwa moyo, na alipokufa tukamfungia kiganjani bamba lenye maneno hayo hayo.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa kaka yangu. Nilimwambia kuna mtoto mchanga wa mvuvi kule Medma ananiangalia kwa namna fulani, anakunja pua kama Kleareta alivyokuwa akikunja akinusa chumvi mbichi, "Wewe unazijua roho zinazorudi," nikamwambia, "umemjua bibi, umemjua mjomba akiwa hana hata miguu, twende ukamwangalie yule mtoto, kaka," na akaniwekea mkono begani akasema, "Mdogo wangu, usihangaike na watoto wa watu. Kleareta harudi. Nilimwandikia mwenyewe." Alisema kwa furaha, jamani, kama mtu anayenipa zawadi, nami nikamshukuru, nikarudi nyumbani nikalala nimegeukia ukuta, na tangu siku hiyo nimepita kando ya watoto wa sokoni nikiangalia chini, kwa sababu niliambiwa na anayejua kwamba hakuna hata mmoja wao aliye Kleareta.

Kuhusu kuugua kwake, marehemu alikuwa na afya njema mpaka mwezi uliopita, alipoanza kulalamika kizunguzungu, na daktari wetu kutoka Lokri alimwagiza anywe supu ya maharage, na sina haja ya kuwaeleza jibu alilopewa daktari. Siku ya kumi na mbili ya mwezi huu, akiwa anatoka kuoga, alipigwa na kiharusi, upande wote wa mkono wa uzi ukapooza, ulimi ukafungwa, na mtu aliyekaa kimya miaka mitano kwa hiari yake akakaa kimya kwa lazima. Siku ya pili yake Batilo alikuja na bamba ambalo kaka yangu alikuwa amejiagizia wiki mbili kabla, akanipa nilihifadhi, nikalifungua ili nilione, nikasoma, upande wa kushoto kuna chemchemi, kando yake mberoshi mweupe, usiisogelee. Nilisoma tena. Nikamwambia, "Batilo, umekosea, hapa ni kulia," akaniambia, "Mimi nimechora kama nilivyoambiwa, na nilimuuliza, mjuzi, mbona mabamba yote huwa ni kulia? Akanijibu, andika, Batilo, usinifundishe njia."

Mnaona nilivyowekwa? Kama bamba lake ni sahihi, basi la mke wangu si sahihi, alipakimbia pale alipotakiwa anywe na akaenda kunywa pale alipotakiwa apakimbie, na si yeye tu, ni kila mtu tuliyemzika hapa mwenye dhahabu mkononi. Nilimwendea Mirto, nikamwambia, labda siku ile aliyomwambia Batilo alikuwa hana uzi wake, akachanganya, na Mirto, kwa ile sauti yake ya taratibu, akanijibu, "Shemeji, siku za mabamba huwa hana uzi. Uzi ni sufu, na maneno matakatifu hayasemwi mtu akiwa na sufu mwilini. Huuvua kila mara." Kila mara, ndugu zangu! Mtu asiyeijua kulia wala kushoto, siku pekee ambazo neno hilo lina maana ndizo siku anazovua uzi, na udugu mzima uliona, na hakuna aliyethubutu kusema, kaka, ngoja kwanza tukuoneshe mkono.

Nilikwenda kwa Agesarko, kwa sababu ndiye mkuu, nikamuuliza Mwenyewe alisema upande gani, akasema kulia, nikamuuliza aliambiwa na nani, akasema na Sosandro, nikamuuliza wale wa Taranto wanasemaje, akakohoa, akasema wale wa Taranto wanasema kushoto, lakini kwamba niangalie vizuri, inategemea ni kulia kwa nani, kwa anayeingia au kwa mlinzi anayemtazama anayeingia, na tena inawezekana mwalimu nyuma ya pazia alikuwa amewaelekea wanafunzi, kwa hiyo kulia kwake kwao ni kushoto, isipokuwa kama aliligeuza kwa ajili yao, na ikiwa aliligeuza basi ni kulia, na hapo nilisimama nikatoka, maana ningebaki kidogo tungezika watu wawili leo.

Basi nikabaki na mwenye maneno. Nilikaa kitandani pake, nikamshika uso, nikamwambia, "Kaka, nisikilize. Sikuulizi juu ya miungu. Nakuuliza kitu kimoja. Chemchemi ya kuikimbia iko kulia au kushoto? Nioneshe kwa mkono tu," na alinisikia, naapa macho yake yalinisikia, yakajaa maji, akakusanya nguvu, na akauinua mkono wa kushoto. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja hivi. Kisha nikakumbuka kwamba wa kulia umekufa, na kwamba mkono ule wa kushoto ndio pekee aliobakiwa nao, angeulizwa jua linatokea wapi angeuinua huo huo. Nikamwambia basi ukikubali fumba macho, akafumba, nikauliza ni kushoto, akafumba, nikauliza ni kulia, akafumba, na akawa anafumba na kufumbua kama mtu mwenye usingizi, nikamlaza. Alfajiri ya siku ya ishirini na moja alifariki, Mirto akiwa amemshika mguu na mimi nikiwa bado naandaa swali lingine.

Asubuhi hii, kabla hatujatoka nyumbani, Agesarko alimleta Batilo na patasi yake, akaniambia kama mkuu wa ukoo niamue, bamba lifutwe liandikwe kulia kama ya wengine, au libaki, na wote mkawa mnanitazama mimi, mtia chumvi, niamue roho ya mjuzi ipite wapi. Nimeamua libaki. Ni maneno yake, aliyasema akiwa na ulimi wake, na kama kuna mtu katika mji huu anayestahili kusafiri kwa maelekezo ya Sosandro, ni Sosandro.

Lakini kuna jambo lingine ambalo nimelijua nikiwa nimesimama hapa nawasomea, na Agesarko akitaka kunifukuza kwenye udugu anifukuze baada ya mazishi. Tangu bamba lile lifunguke nimekuwa nikimlaani kaka yangu kwamba huenda alimpoteza mke wangu. Hivi alimpoteza kwa nani? Kama alimwandikia sawasawa, Kleareta yuko kwa wenye heri, anakumbuka kila kitu, pamoja na mimi, na sitamwona tena hata nizaliwe mara mia. Kama alimkosesha, alikunywa maji ya kwanza, alisahau nyumba, alisahau uwanja, alinisahau mimi, na akarudi, na leo hii kuna mtoto wa miaka sita mahali fulani, Medma au Misri, sijui, yuko hai, anapiga kelele, anadai tini kwa mama yake. Miaka saba mmenipa pole kwa kuniambia ni lile la kwanza, kwamba yuko kwa wenye heri, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza mimi nataka lipi. Mimi nataka awe alikosea. Nataka awe alivua uzi, akachanganya mikono kama siku ile ya ngoma, akamwandikia mke wangu upande usiofaa. Mimi siku yangu ikifika, msinitie dhahabu mkononi, nitakunywa maji ya kwanza nitakayoyakuta, ninywe mpaka nishibe.

Kwa niaba ya ukoo wa Gorgilo napenda kutoa shukrani, kwanza kwa daktari aliyepanda mlima kutoka Lokri mara nne na kutukanwa kwa ajili ya maharage, kwa majirani wa bandarini mlioleta maji, mafuta na mikate ya shayiri, mkijua kwamba nyama isingeliwa, kwa akina mama mlioimba maombolezo tangu juzi mpaka sauti zimewakauka, kwa Batilo aliyechora alichoambiwa, kwa vibarua wangu waliofunga uwanja bila kuambiwa, na leo hawajamwamkia jodari yeyote, kwa wenzetu wa udugu, pamoja na wewe mzee Agesarko, uliyemvisha marehemu kitani na kumvua uzi kama sheria inavyotaka, ingawa moyo wangu uliuma, na zaidi kwa shemeji Mirto, ambaye ameishi na mtu huyu bila kumcheka, sifa ambayo sisi wengine hatuna. Hatuwezi kumtaja kila mmoja kwa jina, wote pokeeni shukrani zetu.

Kaka yangu Sosandro, ulikuwa ukinichosha tangu nikiwa mdogo na bado unanichosha, na sijui asubuhi ya kesho nitagombana na nani. Nenda salama, upumzike huko, upande wowote utakaogeukia, na ukimkuta Kleareta kwenye yale maji ya Kumbukumbu, msalimie sana, ila nakuomba sana kaka, usimwambie kwamba niliomba asiwepo.